Nzi Aliyetua Shavuni

Jana alasiri tulikuwa barazani, nzi akatua chini ya jicho langu la kushoto na kutembea hadi karibu na mdomo, na mwanangu akaniuliza, "Baba, mbona humfukuzi?" Sehemu hiyo ya uso wangu haijahisi kitu tangu siku ile ncha ya foromali, ule mti unaobeba tanga la chombo, iliponipiga tulipokuwa tukiteremsha tanga karibu na Shela, kisiwani Lamu.

Uvimbe ulipopungua niliambiwa nimepona, nami niliamini, mpaka jioni ya kutafuta mwezi wa Ramadhani, nilipouona mwezi mwandamo mara mbili, mmoja juu ya mwenziwe. Siku ya tatu yake nilivuka kwenda Mokowe, upande wa bara, na kupanda basi la Mombasa.

Daktari alilichukua fuvu la kufundishia akaliinua kuelekea dirishani, na mwanga ukapenya ndani ya tundu la jicho kama unavyopenya karatasi. Sikuwa nimewahi kufikiri kwamba mwilini mwa mtu mna mfupa unaopitisha mwanga. Alinieleza kwa upole kwamba mifupa 7 hukutana kuliunda tundu hilo, kwamba sakafu yake ni nyembamba mno na chini yake mna uwazi wenye hewa, na kwamba yangu ilikuwa imevunjika, mafuta na msuli wa jicho vikazama katika ufa, ndiyo maana jicho lilididimia na halikuweza kupanda sawa na mwenzake. Mshipa wa fahamu wa shavu nao hupita papo hapo.

Ufa ungeweza kuzibwa kwa wavu wa titani au kwa kipande cha mfupa wa nyonga yangu. Mama alisema, "Mwanangu, ujengwe kwa kilicho chako," nami nikachagua nyonga. Nilipasuliwa kwa ndani ya kope la chini, nikakatazwa kupenga kamasi kwa wiki kadhaa, na usiku ule muuguzi aliniamsha mara kwa mara nihesabu vidole vyake, kwa kuwa damu ikivuja nyuma ya jicho huweza kulipofusha. Nyonga iliniuma kuliko jicho.

Mwezi sasa nauona mmoja, isipokuwa nikiinua macho sana bila kuinua kichwa, hapo huachana tena. Nilipomweleza mwanangu hayo, aliweka kidole karibu na sikio langu akakisogeza taratibu, akiuliza kila hatua kama nahisi. Kilipokaribia pua nilinyamaza, naye akakiacha pale.