Siku moja na Mto Msimbazi, futi kamba mkononi

Saa 11 alfajiri natazama mawingu kabla ya simu. Nachora ramani ya mafuriko ya bonde la mto huu, Dar es Salaam, na leo ni zamu ya mtaa wa Kigogo. Usiku zilishuka rasharasha tu, kwa hiyo Kigogo kunapitika. Begini natia mabuti, betri ya akiba na futi kamba.

Saa 2 asubuhi, ofisi ya serikali ya mtaa. Mwenyekiti ananikabidhi kwa mjumbe wa shina, mama anayejua kila uchochoro. Bila yeye ningefungiwa milango. Wakazi wa mabondeni wakiona mgeni anapima, wanakumbuka alama nyekundu za X kwenye nyumba za kubomolewa na mabuldoza ya mwaka 2015. Hofu hiyo ni ya haki. Naeleza kwanza, napima baadaye.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Pita."

Ukutani kuna mstari wa kahawia ulioachwa na mafuriko ya Aprili 2018. Kutoka sakafuni: sentimita 94. Bibi ananyoosha mkono juu zaidi. "Ya Desemba 2011 yalifika hapa. Tulipaka chokaa, lakini napajua." Mafuriko yale yaliua watu wapatao 40 jijini. Naandika vipimo vyote viwili, napiga picha, natwaa majira ya nukta, yaani mahali hasa nyumba ilipo kwenye ramani. Hadi saa 6 nina nyumba 17.

Saa 8 mchana nimekaa mbele ya kompyuta, na hapa ndipo kazi inapokolea. Data ya mwinuko ninayoanzia ilipimwa kwa rada kutoka angani Februari 2000, katika miraba ya mita 30 kwa 30, kila mraba na kimo kimoja. Kigogo, mraba mmoja unameza nyumba kadhaa, uchochoro na mtaro wake. Tena rada inaona paa, haioni kizingiti cha mlango. Inaweza kukosea kwa mita kadhaa, na mafuriko ya 2018 kwa bibi hayakufika hata mita moja! Ndiyo maana picha za droni na kumbukumbu za wakazi ni vipimo, si mapambo ya ripoti.

Naweka nukta zangu juu ya ramani. Nyumba ya bibi imeonyeshwa kavu, na za majirani zake watano pia. Natafuta sababu hadi saa 10: mtaro unaopita nyuma yao haukuchorwa, na karavati lake limezibwa na chupa na mifuko, kwa hiyo maji yanarudi nyuma. Nauchora. Rangi ya bluu, yaani maji, inaingia kwa bibi.

Mstari wa mita 60 wa sheria ya mazingira ya 2004, unaokataza ujenzi karibu na mto, ni rahisi kuuchora kandokando ya mto, lakini maji hayaufuati. Yanafuata mitaro, na wakati wa bamvua bahari ikijaa kule darajani Salenda, mto unapoingia baharini, yanakosa pa kutokea.

Saa 1 usiku mjumbe anapiga. Mvua kubwa inanyesha Pugu, mtoni juu. Kwao bado kukavu. Namwomba vijana wazibue karavati sasa hivi, na bibi alale kwa mwanawe, Magomeni juu.