Nilivyotatua kujumlisha njia kati ya EIGRP na OSPF

Mtandao ninaousimamia una itifaki mbili za kuelekeza pakiti. Makao makuu ya Dar es Salaam yanatumia OSPF kwa sababu vifaa vyake vimetoka kwa watengenezaji tofauti. Matawi ya Kanda ya Ziwa, yaani Mwanza, Shinyanga, Musoma na Bukoba, yanatumia EIGRP. Hiyo ilibuniwa na Cisco, ikawekwa hadharani kama RFC 7868 (hati ya umma ya teknolojia ya intaneti) mwaka 2016, na ruta za huko zote ni za Cisco. Pande hizi mbili zinakutana Dodoma kwenye ruta mbili ambazo hapa nitaziita D1 na D2. Kila moja inazungumza itifaki zote mbili na kuvusha njia za upande mmoja kwenda upande wa pili. Ziko mbili ili moja ikizimika nyingine ibebe kazi.

Dar inatumia anwani za 10.10.0.0/16. Matawi yanaanzia 10.40.0.0 hadi 10.40.13.0, na kila sabneti, yaani kipande cha mtandao, ni /24. Namba ya baada ya mkwaju ikiwa ndogo, kipande ni kipana zaidi. Nilipokabidhiwa mtandao huu, usanidi wa kujumlisha njia, yaani kutangaza njia moja pana badala ya nyingi ndogo, ulikuwa tayari umeandikwa na waliotangulia. Sehemu moja ilikuwa haifanyi kazi kabisa, na nyingine ilikuwa imelala ikisubiri siku ya kuamka.

Nianze na ile iliyoamka, maana ndiyo iliyotutesa.

Mwenzangu wa Mwanza alipiga simu asubuhi. "Kaka, mfumo wa mishahara unafunguka vizuri kabisa, lakini barua pepe, faili na simu za ofisini vyote vimekufa." Shinyanga nao walikuwa na hali hiyohiyo, na Bukoba pia. Usiku wake seva ya mishahara ilikuwa imehamishiwa nyuma ya faiawoli mpya pale Dar, ikapewa sabneti ya 10.10.200.0/24. Kwa hiyo kila mtu aliinyooshea kidole faiawoli. Mimi swali langu lilikuwa jingine: kama faiawoli ndiyo inazuia, mbona kilicho nyuma yake ndicho pekee kinachofikika, na visivyopita kwake ndivyo vilivyopotea?

Traceroute, amri inayoonyesha ruta ambazo pakiti inapitia, ilifika D1 kutoka Mwanza na kuishia hapo. Nikaingia D1 na kuuliza njia ya kwenda 10.10.5.1. Jibu lake ndilo lililofungua fundo lote: "D 10.10.0.0/16 is a summary, Null0". Null0 ni shimo la kutupia pakiti. Maana yake, ruta ilikuwa inatupa kila pakiti iliyokwenda Dar, isipokuwa zile zenye njia mahususi zaidi, na njia hiyo ilikuwa moja tu: 10.10.200.0/24.

Hapa panahitaji maelezo ya taratibu. Kwenye EIGRP unajumlisha njia kwenye kiolesura (mlango wa mtandao) cha ruta yoyote, kwa amri ya ip summary-address eigrp. D1 na D2 zilikuwa na amri hiyo kwenye violesura vinavyotazama matawi, ikisema: watangazieni 10.10.0.0/16 tu. Ruta inapotengeneza njia ya jumla namna hiyo, inajiwekea pia njia ya kwenda Null0 kwenye jedwali lake, yenye AD ya 5. AD ni kiwango cha kuaminika cha chanzo cha njia, na namba ndogo hushinda. EIGRP ya ndani ina 90, OSPF ina 110, na EIGRP iliyotoka nje ina 170. Hivyo 5 inazishinda zote.

Sasa, OSPF hugawa mtandao katika maeneo, na ruta inayoyaunganisha huitwa ABR. ABR ya Dar ilikuwa tayari inajumlisha sabneti zake kwa amri ya area range, na D1 ilikuwa inapokea 10.10.0.0/16 kutoka OSPF ikiwa imeshajumlishwa. Jumla ya EIGRP haizaliwi mpaka iwepo angalau njia moja iliyo ndogo kuliko yenyewe, na /16 inayolingana nayo haihesabiki. Kwa muda mrefu amri ile ilikuwa haina cha kujumlisha, kwa hiyo ikalala. Faiawoli ilipokuja, fundi wa Dar aliweka njia ya kudumu ya 10.10.200.0/24 na kuivusha ndani ya OSPF. Njia iliyovushwa huhesabika kuwa ya nje, na area range haiigusi njia ya nje. Ikapita ABR ikiwa nzima, ikafika Dodoma, ikavushwa kwenda EIGRP, na jumla ikaamka. Null0 yenye AD 5 ikaiondoa ile /16 ya OSPF yenye 110 kwenye jedwali, na Dar nzima ikatoweka machoni pa matawi.

Nilithibitisha kwa kutazama hifadhidata ya OSPF kwenye D1. Tangazo la 10.10.0.0/16 lilikuwepo, zima kabisa, aina ya 3, yaani la njia ya eneo jingine. OSPF ilikuwa inaijua njia. Jedwali ndilo halikuipokea. Tofauti hii kati ya hifadhidata ya itifaki na jedwali la ruta nawasihi vijana wanaoanza kazi hii waizingatie, kwa sababu wengi huangalia kimoja na kudhani wameangalia vyote.

Dawa ilikuwa kuiondoa amri ile kwenye ruta zote mbili. Haikuwa na kazi, maana njia ilishajumlishwa Dar na ilichohitaji ni kuvushwa tu. Nikaongeza kichujio ili 10.10.200.0/24 isivuke kwenda matawi. Yenyewe iko ndani ya /16 hata hivyo, na D1 inajua pa kuipeleka. Barua pepe zikarudi papo hapo.

Kuanzia hapo nilipata swali ambalo sasa naliuliza kabla ya lingine lolote: njia hii ilizaliwa wapi ndani ya itifaki hii? Jibu lake ndilo linalokuambia amri ya kujumlisha iwekwe kwenye ruta ipi na iwe amri gani.

Swali hilohilo lilinisaidia upande wa pili. Ruta za OSPF za Dar zilikuwa na /24 zote za matawi, moja moja. Umeme ukikatika Shinyanga au Musoma na ruta ikazimika, tangazo jipya lilisambazwa hadi kwenye ruta zote za makao makuu, na umeme ukirudi lilisambazwa jingine. Waliotangulia walikuwa wamejaribu kuzuia hali hiyo kwa kuandika area 0 range 10.40.0.0 255.255.240.0 kwenye D1. Ruta iliikubali amri bila kulalamika. Haikubadilisha chochote.

Haikuweza kubadilisha. RFC 2328 ya mwaka 1998, inayoeleza OSPF toleo la 2, inaufanya upeo wa anwani kuwa mali ya eneo: ABR inajumlisha njia zilizozaliwa ndani ya eneo inapozitangaza kwenye eneo jingine. Njia za matawi hazikuzaliwa ndani ya eneo lolote la OSPF. Zilizaliwa kwenye EIGRP na kuingia kupitia D1 na D2 kama matangazo ya aina ya 5, yaani ya njia za nje, na ruta inayoziingiza huitwa ASBR. Za namna hiyo hujumlishwa kwa amri ya summary-address, na hujumlishwa hapohapo kwenye ASBR iliyoziingiza. Zikishatoka, hakuna ruta ya kawaida ya OSPF huko mbele inayoweza kuzikunja.

Kabla ya kuandika amri mpya nilikaa na daftari la anwani. Maski ile ya 255.255.240.0 ni /20, na inachukua kuanzia 10.40.0.0 hadi 10.40.15.255. Lakini 10.40.14.0/24 ilikuwa imepewa ghala letu la Morogoro, ambalo liko upande wa OSPF. Mambo yakiwa shwari hilo halina madhara, kwa sababu njia mahususi zaidi hushinda na Morogoro inatangaza /24 yake yenyewe. Taabu ingekuja siku kiungo cha Morogoro kinakatika. Pakiti zake zingeifuata /20 hadi Dodoma na kutupwa huko, na mafundi wangehangaika na ruta za Dodoma wakati tatizo liko Morogoro. Kwa hiyo niliigawa mara tatu: 10.40.0.0/21 kwa sabneti 0 hadi 7, 10.40.8.0/22 kwa 8 hadi 11, na 10.40.12.0/23 kwa 12 na 13. Njia tatu badala ya kumi na nne, na hakuna hata anwani moja isiyo ya matawi iliyomezwa.

Nilianza na D1 peke yake, kwa makusudi, ili nione mwenendo kabla ya kugusa D2. Mambo mawili yalijitokeza.

La kwanza ni kwamba trafiki yote ya kwenda matawi ilihamia D2. D2 ilikuwa bado inatangaza /24 na D1 inatangaza njia pana, na ruta huchagua iliyo mahususi zaidi hata kama njia pana iko karibu kuliko hiyo. Ndiyo maana ASBR mbili za mpaka mmoja lazima zijumlishe kwa mipaka ileile. Ukiacha moja nyuma, umeipa mzigo wote.

La pili lilikuwa la ndani zaidi, na nadhani wengi hulipita bila kuliona. D1 na D2 zilikuwa na kinga dhidi ya njia kurudi zilikotoka. Kila njia iliyovushwa kutoka EIGRP kwenda OSPF ilibandikwa lebo ya namba 90, na wakati wa kuvusha kutoka OSPF kwenda EIGRP, chochote chenye lebo hiyo kilikataliwa. Kinga nzuri, na ilifanya kazi kwa zile /24. Lakini njia ya jumla ni njia mpya, hairithi lebo ya zile zilizoizaa. D2 ilisikia 10.40.8.0/22 kutoka D1 ikiwa haina lebo, ikaiona ngeni kabisa, ikaivusha kwenda EIGRP. Nilipotazama jedwali la Mwanza nikaikuta imeandikwa D EX, yaani EIGRP iliyotoka nje, ikielekea Dodoma. Yaani Mwanza ilikuwa inaambiwa kwamba sabneti za jirani zake zinapatikana kwa kupitia Dodoma.

Sabneti zenyewe zikiwa hai huoni dalili yoyote, maana /24 hushinda. Lakini Shinyanga, yenye 10.40.9.0/24, ikizimika, Mwanza haisemi tena kwamba hakuna njia. Inazipeleka pakiti D2, D2 inazipeleka D1 kupitia OSPF, na D1 ndiyo inayozitupa. Kiungo cha masafa marefu kinabeba pakiti zisizo na mwenyewe.

Suluhisho lilikuwa neno moja mwishoni mwa amri: summary-address 10.40.8.0 255.255.252.0 tag 90, na vivyo hivyo kwa zile nyingine mbili. Juu ya lebo nikaongeza orodha inayokataa njia yoyote iliyo ndani ya jumla hizo tatu isivuke kurudi kwenye EIGRP. Napenda kinga zote mbili ziwepo, kwa sababu lebo hutegemea mtu kukumbuka kuibandika, na orodha hutazama anwani yenyewe. Baada ya hapo nikaweka amri zilezile kwenye D2, na trafiki ikagawanyika tena.

Katika kikao cha kupitia mabadiliko haya kulikuwa na hoja ya kuzima njia za Null0 kwenye D1 na D2, kwa kuwa tulishaonja machungu yake. Nilikataa kwa nguvu. D1 ina njia ya msingi inayoelekea Dar, kwa ajili ya intaneti. Sabneti ya tawi ikizimika na Null0 haipo, pakiti inayokuja Dodoma haitapata njia mahususi, itafuata njia ya msingi kurudi Dar, na Dar itaitazama 10.40.8.0/22 na kuirudisha Dodoma. Itapigwa hivyo kama mpira wa danadana mpaka TTL yake (idadi ya ruta inayoruhusiwa kupita) iishe, na kila pakiti inayofuata itafanya vivyo hivyo. Null0 ya jumla iliyowekwa mahali sahihi ndiyo inayolinda kiungo hicho. Iliyotuumiza ilikuwa ya jumla ambayo haikutakiwa kuwepo.

Dogo lililobaki lilikuwa Bukoba. Ruta moja ya huko ina IOS, mfumo endeshi wa Cisco, ya kabla ya toleo la 15, na toleo hilo hujumlisha lenyewe kwenye mpaka wa madaraja ya zamani ya anwani. Kiungo chake kiko kwenye 172.16, kwa hiyo ilikuwa inatangaza 10.0.0.0/8 nzima kuelekea Mwanza. Amri ya no auto-summary ilimaliza hilo.

Sasa 10.40.14.0 na 10.40.15.0 zimeandikwa kwenye daftari la anwani kuwa za upande wa OSPF peke yake, na tawi jipya la Kanda ya Ziwa litaanzia 10.40.16.0.