Hata haikuwapo nafasi ya kula

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Somo la wiki hii ni Injili ya Marko, sura ya 6, mstari wa 30 hadi wa 52. Ni refu, najua, na wengi wetu tutalisoma kwa vipande: mstari mmoja uji ukichemka, mwingine mtoto akiogeshwa. Lisomeni hivyo hivyo.

Naanzia mstari wa 31: “Njoni ninyi peke yenu kwa faragha, mahali pasipokuwa na watu, mkapumzike kidogo.” Kisha Marko anatoa sababu: “Kwa sababu walikuwako watu wengi, wakija, wakienda, hata haikuwapo nafasi ya kula.”

Wakija, wakienda. Hapa kwetu Masasi, na kwa jirani zetu wa Newala na Tandahimba, hadi Nachingwea na Ruangwa, maneno hayo hayahitaji mhubiri msimu huu. Korosho zinaanguka, na hazijiokoti. Aliyekwisha kuokota yuko kwenye mizani ya chama cha msingi na magunia yake. Aliyekwisha kupima anasikilizia mnada, simu haimtoki mkononi, kila akikutana na mtu anauliza bei imesomaje. Joto la kabla ya mvua limekaza. Shamba la mahindi nalo linataka kusafishwa mapema. Katikati ya pilikapilika zote hizo wapo watoto wadogo, ambao hawajui mnada wala mizani, wanajua tu kwamba wana njaa na kwamba mama yuko hapa.

Kwangu wako watatu. Mkubwa darasa la pili, wa kati chekechea, wa mwisho ametimiza miezi tisa, tumetoka naye kliniki kwa chanjo ya surua na rubella, na sasa meno yanamwamsha usiku. Mkubwa akitoka shule hupita kwenye mikorosho, anafyonza mabibo huku anatembea, maji yake yanamdondokea kifuani. Jioni ukilitazama lile shati jeupe huoni kitu cha kukutisha. Ukishalifua na kulianika ndipo madoa ya kahawia yanapojitokeza, moja baada ya jingine, na doa la bibo mnalijua wenyewe: shati litachanika, doa litabaki. Asubuhi unatafuta shati la pili, nalo liko kwenye beseni. Wa kati ana kiatu kimoja mguuni, cha pili kimefichwa na anayejua kilipo hajaanza kusema. Uji unafurika. Baba yao ameondoka alfajiri kwenda ghalani. Ukija kuketi na kikombe chako, chai imepoa na yule mdogo ameamka.

Kwa hiyo sikuuchagua mstari huu kwa kuupenda tu.

Tazameni kwanza ni akina nani walioambiwa wapumzike. Mitume walikuwa wametumwa wawili wawili. Wametoa pepo, wamewapaka wagonjwa mafuta wakapona. Wamerudi na taarifa ndefu. Yesu anaisikiliza, na neno la kwanza analowajibu ni wakapumzike. Hakuwauliza kwa nini hawakuwafikia wengi zaidi. Hakuwaambia uchovu wao ni dalili ya imani haba.

Hapo nina neno na sisi tunaofundisha. Tumezoea kuwaambia akina mama vijana kwamba mwenye kiu ya Mungu ataamka saa tisa usiku akaombe. Saa tisa usiku mama huyo alikwisha kuamka, na si mara moja. Amenyonyesha, amebadilisha nepi, amempapasa mwingine kama ana homa, na hakuna aliyemwandikia kwamba alikesha. Halafu Jumapili tunamwona anasinzia wakati wa mahubiri na tunanong'ona. Mimi nadhani Bwana aliyesema “mkapumzike kidogo” anamwelewa kuliko sisi wenye viti vya mbele.

Sasa, tatizo la somo hili ni kwamba mapumziko yenyewe hayakupatikana. Walipanda chombo wakaenda mahali pasipo watu, lakini watu waliwaona wakiondoka, wakakimbia kwa miguu kutoka miji yote, wakawahi kufika kabla yao. Hebu fikirieni chombo kinasogea ufukweni, mnatazamia kimya na upepo, na kumbe pwani imejaa watu. Mathayo, akisimulia habari hiyo hiyo, anasema wanaume walikuwa wapata 5,000, bila wanawake na watoto. Bila watoto! Mwenye kulea anajua maana yake. Mahali pale pa faragha palikuwa na watoto wa kutosha kujaza shule kadhaa: wanaolia, wanaotaka maji, waliopotezana na mama zao, na kwa hakika yuko aliyekuwa na kiatu kimoja.

Sisi watu wa Masasi tusishangae sana mpango mwema ukikatizwa njiani. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere alitoka Zanzibar na kundi la watu waliokombolewa utumwani, wakashukia Lindi, wakapanda bara kwa miguu. Nia ilikuwa wafike upande wa Ziwa Nyasa, ambako wengi wao walikuwa wametekwa. Hawakufika. Waliishia hapa, kwenye milima yetu ya mawe, na kanisa tunalosali leo lina mizizi katika safari ile iliyokatika. Ila nisivute mfano huu mbali. Walipata pa kukaa. Mitume hata pa kukaa hawakupata siku ile.

Yesu aliposhuka akaona umati ule, hakukunja uso. Marko anasema aliwahurumia, kwa sababu walikuwa kama kondoo wasio na mchungaji, akaanza kuwafundisha. Hapa ndipo naomba tukae kidogo, maana huwa tunapita haraka kuikimbilia mikate. Nani alianza kufundisha? Yeye. Wanafunzi wamechoka, wageni wamevamia, na aliyeinuka kuwashughulikia wageni ni Bwana mwenyewe. Kuanzia pale chomboni hadi jua likiwa limeshuka sana, Marko haandiki kwamba mitume walipewa kazi yoyote. Labda walikaa. Labda mmoja wao alisinzia akiegemea mtumbwi wa mtu. Haijaandikwa, lakini haijakatazwa kuwaza.

Jioni wakaja na shauri: waage watu, waende vijijini wakajinunulie chakula. Ni shauri la mtu mwenye njaa anayejitia kuwahurumia wengine, na simlaumu. Yesu akawajibu, wapeni ninyi chakula. Jibu lao mnalisikia lilivyo kavu: twende tukanunue mikate ya dinari 200? Dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua wa siku nzima. Kwa hiyo walikuwa wanamwambia Bwana, kwa lugha yetu, tupe basi mshahara wa siku mia mbili twende sokoni. Mtu aliyeshiba na kulala vizuri hasemi hivyo na mwalimu wake. Nimeisikia sauti hiyo nyumbani kwangu saa moja jioni, pale mtu anapouliza “leo tunakula nini?” na kuni zenyewe ni mbichi.

Yesu hakuikemea sauti hiyo pia. Aliuliza swali la jikoni: mnayo mikate mingapi? Nendeni mkatazame. Wakaenda, wakatazama, mitano, na samaki wawili. Yohana anatuambia ilikuwa ya mtoto, tena ya shayiri, chakula cha watu wa hali ya chini. Sisi tungesema unga wa muhogo na kisamvu cha jana. Baadhi yetu jioni hizi tunaona aibu kwa mboga moja ile ile inayorudi, ming'oko ya kuchemsha ikiwa ndiyo kitafunwa cha wiki nzima, wakati fedha ya korosho haijaingia. Bwana alipewa kilichokuwepo na akakishukuru kwanza, mbele ya watu wote, kabla hakijaongezeka. Kwetu anayeomba kabla ya kula siku hizi ni wa kati. Sala yake ni ndefu kuliko ya padre: anamwombea bibi, kuku, mwalimu, jirani aliyenunua baiskeli, kuku tena. Ugali unapoa. Nimeacha kumharakisha, kwa sababu ndiyo sala pekee ya siku ambayo nyumba nzima inaketi kuisikiliza.

Walikula wote wakashiba, na vikaokotwa vikapu 12 vya vipande. Mitume walikuwa 12. Wale waliokosa nafasi ya kula tangu mstari wa 31 kila mmoja ana kikapu mkononi. Marko hasemi walikifanyia nini, ila mimi sioni mtu mwenye njaa ya namna ile akibeba kikapu cha mkate na samaki bila kutia mkono ndani.

Halafu unakuja mstari ambao kwa miaka mingi nimesikia ukisomwa kama njia tu ya kufika kwenye muujiza wa pili. Mstari wa 45: mara akawalazimisha wanafunzi wake wapande chomboni, watangulie ng'ambo, wakati yeye mwenyewe anawaaga makutano. Anawalazimisha. Wao waondoke, yeye abaki na watu. Kuaga watu elfu na elfu, jioni, wenye watoto waliolala mabegani, si kazi ya dakika kumi. Anayejua kufunga shughuli ya harusi, watu wamekula na hawataki kuondoka, anaelewa. Kazi hiyo ya mwisho, ngumu na isiyo na sifa, Yesu aliichukua mwenyewe ili waliochoka watangulie. Baada ya hapo ndipo alipokwenda mlimani kuomba.

Akina baba, mstari huo ni wenu kwanza. Najua mmetoka ghalani mmechoka, vumbi la magunia limewajaa kifuani, na fedha mnayoihangaikia ni ya nyumba. Lakini mama wa watoto akiambiwa “nenda kalale, hawa niachie mimi,” tena kwa kulazimishwa kidogo kama mitume, maana hatakubali mara ya kwanza, hapo Injili imehubiriwa nyumbani. Kuwaogesha watatu hakumpunguzii mwanamume kitu.

Na ni wetu sote. Kanisani mama mwenye mtoto anayelia hutoka nje, akasimama chini ya mwembe, akasikia mahubiri kwa mbali kama anayesikia redio ya jirani. Anayetoka ni yeye kila Jumapili. Kwa nini asitoke mmoja wetu na mtoto, yeye abaki? Vijana wa kwaya ambao mmekwisha kuimba, mabibi ambao wajukuu wenu wako Dar es Salaam na mikono yenu imekaa bure, wazee wa kanisa nanyi. Yuko bibi mmoja mtaani kwetu ambaye jioni hutandika mkeka, akawakusanya watoto wa majirani wamsaidie kuchambua kisamvu. Msaada wenyewe ni majani machache na vishindo vingi. Lakini mama watatu au wanne wanapata muda wa kuteka maji na kuoga kama binadamu. Sijamsikia akiuita huduma.

Turudi chomboni. Mitume walipumzika? Hapana, upepo ulikuwa wa mbisho, yaani unawapiga kwa mbele, wakataabika kuvuta makasia usiku kucha. Ndugu zetu wavuvi wa Mikindani na Kilwa watawaambia wasioijua bahari mbisho ni kitu gani. Yesu aliwaona akiwa nchi kavu, akawaendea yapata zamu ya nne ya usiku. Kwa hesabu ya Warumi zamu hiyo ilianza saa tisa usiku ikaisha saa kumi na mbili asubuhi. Saa tisa ile ile! Hawakuwa wameamka kuomba. Walikuwa wanavuta makasia kwa sababu hawakuwa na namna, na walipomwona wakapiga kelele wakidhani ni kivuli. Akawaambia, ni mimi, msiogope, akapanda chomboni walimo, upepo ukakoma.

Marko anamaliza kwa kusema hawakuwa wamefahamu habari za ile mikate, mioyo yao ilikuwa mizito. Nashukuru ameandika hivyo. Alipanda chomboni na watu ambao hata somo la jioni ile lilikuwa halijawaingia.

Basi kwa wiki hii, mama ambaye hapati nafasi ya kufungua Neno achukue maneno matatu hayo, “ni mimi, msiogope,” ayaseme akiwa na mtoto begani usiku. Yanatosha, na hayahitaji taa.

Jumamosi chama kinapokea mzigo na wengi mtakuwa huko mchana kutwa. Mimi na akina mama wawili wa jumuiya tutakaa na watoto wa chini ya miaka saba pale uwanja wa kanisa, kuanzia saa tatu hadi saa tisa alasiri. Waje na kikombe na nguo ya kubadilisha. Anayeweza kuongeza unga wa uji au sukari amwone katibu wa jumuiya kabla ya Ijumaa. Na tafadhali, mashati meupe yabaki nyumbani, ule uwanja una mikorosho miwili.