Jamaa kaegemea mti

Miezi mitatu naandika kanji, zile herufi za Kijapani, mara hamsini hamsini kwenye daftari kama mwanafunzi aliyepewa adhabu, asubuhi zote zimeyeyuka. Wiki hii nimeanza kuzigeuza picha. Jamani!

休, kupumzika: kushoto mtu, kulia mti. Jamaa kachoka na jua, kaegemea mti. Nani atasahau hiyo? 男, mwanamume: juu shamba la mpunga, chini nguvu. (Sisi wa mjini tusemeje?)

Zilizonitesa ni 待 na 持, kungoja na kushika. Zote zina hekalu, 寺, upande wa kulia. Jana usiku ndiyo nikaziona: 待 ina alama ya kutembea, basi nipo njiani nangoja hekalu lifunguliwe. 持 ina mkono, nimeshika sadaka. Kwisha kazi.

Ila picha haikupi matamshi. Leo nimeulizwa 休む inasomwaje, nikabaki namwona tu yule jamaa na mti wake. Yasumu! Halafu ukiikuta kwenye 休日, siku ya mapumziko, inageuka kyuu, kyuujitsu.

Orodha rasmi ya zile za matumizi ya kawaida ina kanji 2,136. Mimi nipo ya 84.