Vile nilivyopata gemu za 4K bila kujenga kompyuta

Mie nilikuwa nishaamua najenga kompyuta. Miezi mitano naweka pesa kidogo kidogo, listi iko kwa simu, kadi ya picha ya RTX 3080, pawa saplai ya wati 750, kesi, mafeni, manake nilitaka picha kali ya 4K kwa ile tivi ya sebuleni na PlayStation sikutaka hata kuisikia.

Binamu yangu wa Tudor anayo mashine kama hiyo, nikamwendea anisaidie kununua. Akaniuliza, tivi yako HDMI yake, ile tundu ya waya wa picha, ni toleo la ngapi? Wallahi sikuwa najua. Tukatafuta modeli, tukakuta ni 2.0, basi 4K yangu mwisho fremu 60 kwa sekunde, zile 120 zataka 2.1. Yaani ningemwaga pesa yote ile na tivi ndo ingenibana.

Nikapiga hesabu upya. 4K ni pikseli kama milioni 8.3, mara nne ya 1080p, ile HD ya kawaida, na PlayStation 5 (PS5) kwenye gemu nzito haizichori zote, yachora chache halafu yakuza picha. Mie nilikuwa naona huo ni wizi, kumbe hata binamu huwasha DLSS ya kadi yake na kazi yake ni hiyo hiyo ya kukuza. Picha yake ni safi zaidi, hilo sipingi, na kucheza onlaini halipii kila mwezi kama wa PS5. Lakini nikirudi nyuma nikakaa kwa kochi, tofauti ilikuwa ndogo sana.

Kilichonimaliza ni joto. Nyumbani hatuna AC na Februari ya Mombasa mwaijua. Ile 3080 peke yake yala hadi wati 320, PS5 nzima ni kama 200. Saa mbili kwa chumba cha binamu nilitoka fulana imeloa chapa, na skrubu za kesi yake zishashika kutu kwa hewa ya bahari. Na tokeni za stima nyumbani anunua mamangu.

Bei nayo, zilipotoka 2020 kadi ilikuwa dola 699, PS5 ya diski dola 499.

Nikachukua PS5, pesa ilobaki nikanunua UPS ndogo, ile betri ya akiba, stima ikipotea napata dakika za kusevu na kuzima vizuri. Shida ilobaki ni nafasi ya kuweka gemu tu, 825GB lakini ya kutumia ni kama 667, gemu moja yaweza kula 100GB. Mwezi ujao inshallah naongeza SSD ya M.2, kijidiski cha kuongeza nafasi, sehemu yake iko chini ya kava, nitaiweka mwenyewe.