Mavi ya Ng'ombe Hayakuponya Mtambo Wangu wa Maji Taka

Ukiambiwa umwage mavi ya ng'ombe kwenye mtambo wa maji taka uliokufa, subiri kwanza. Sisi tumeyamwaga, ndoo kwa ndoo, kwa vile bosi alimwamini fundi mmoja mwenye maneno mengi. Yakafuata hamira na sukari. Halafu bakteria wa pakiti, bei usiniulize, laki kadhaa ziliondoka. Kilichoongezeka ni harufu, na mama wa kantini akaacha kunisalimia.

Kiwanda chetu ni cha maziwa. Oksijeni kwenye tangi la hewa, wanamoishi bakteria wanaokula uchafu, ambayo kwa kawaida inacheza kwenye miligramu 2 kwa lita, ilipanda kupita 6 na mashine za hewa ni zilezile. Wenzangu wakafurahi, eti hewa imekuwa nyingi! Oksijeni ikijaa hivyo ujue hakuna bakteria anayeivuta. Kwenye hadubini, vortisela, wale wadudu wenye umbo la kengele, walikuwa wamejikunja, hakuna anayetikisika. Amonia nayo ikapanda.

Sasa niacheni nijisifu. Niliomba tope lenye bakteria wazima kwa jirani ambaye mtambo wake unafanya kazi, nikaligawa kwenye chupa tupu za maji ya kunywa. Kila chupa nikaitilia maji ya mfereji tofauti wa kiwanda, na moja maji safi ya kulinganishia. Unatikisa hewa iingie, unachomeka kipima oksijeni, unaziba mdomo, unasoma kila dakika. Ya maji safi ilishuka vizuri. Ya soda ya kuoshea mabomba nayo ilishuka, nilipoisawazisha pH. Ya chumba cha kujazia maziwa, namba iliganda! Kumbe walikuwa wameacha klorini wakahamia benzalkoniamu kloridi, na masalia yote humwagwa kwa mkupuo zamu ikiisha. Dawa ya kuua vijidudu imeua vijidudu, halafu tunatafuta mchawi.

Maabara wana kipimo rasmi cha namna hii, OECD 209, tope likikaa na kemikali saa 3. Changu kilitosha kumnyamazisha bosi.

Dawa hatukuiacha, kwa usafi wa maziwa ni nzuri. Masalia sasa yanaingia tangi la kusawazishia na kutoka kidogo kidogo usiku kucha, maana bakteria wakishaizoea kwa dozi ndogo wanaila. Tope la zamani tulilipunguza sana, kwa sababu dawa hii hung'ang'ania kwenye tope, tukaleta jingine kwa boza. Bakteria wa uchafu wa kawaida walirudi upesi. Wale wanaogeuza amonia kuwa naitreti walitusumbua wiki kadhaa, wanazaana polepole mno, na hapo ndipo watu hukata tamaa wakarudia pakiti. Msirudie.

Siku hizi mtu wa manunuzi hanunui hata sabuni ya sakafu kabla hajanipigia.