Siku moja ndani ya gari la uratibu, Garissa

Watu wa Garissa wakiliona gari letu limeegeshwa, mlingoti umeinuliwa na dishi la setilaiti limeelekezwa juu, hudhani ama tumekuja kurusha matangazo ya televisheni ama tunasikiliza simu zao. Yote mawili si kweli. Hiki ni kituo cha kuhamahama cha uongozi na uratibu: lori lenye chumba kidogo nyuma, na ndani yake mna meza, redio za aina mbili, skrini moja kubwa, ramani za karatasi na daftari la matukio. Wakati wa kiangazi huwa tuko upande wa Liboi, tukiwahudumia wanaolinda mpaka wa Kenya na Somalia, mpaka wenye urefu wa karibu kilomita 680. Mto Tana unapofurika, gari hurudishwa mjini kusaidia shughuli za uokoaji. Mimi ni fundi wa mawasiliano na mwandishi wa daftari, na siku ninayoisimulia ni ya masika ya mwaka 2024.

Saa kumi na moja alfajiri hupima mafuta na oili ya jenereta, hukagua betri za akiba na kukaza waya wa ardhi. Saa kumi na mbili tunabadilishana zamu, na saa moja tunaita vituo vyote kimoja kimoja, navyo vinaitika.

Mashua na watu walio Madogo, ng'ambo ya daraja, tunawapata kwa redio za VHF, ambazo mawimbi yake husafiri kwa mstari ulionyooka, na ndiyo maana mlingoti unahitajika. Hola na Garsen ziko mbali mno kwa mtindo huo, kwa hiyo tunatumia redio ya pili, ya mawimbi mafupi (shortwave) yanayofika mbali, kupitia waya uliotandazwa mita 2 au 3 tu kutoka ardhini. Wapita njia hutucheka, wakidhani tumeshindwa kuupandisha. Waya ukiwa chini namna hiyo, mawimbi hupanda karibu wima, yakagonga tabaka la juu la anga na kurudi chini pande zote. Tungeupandisha juu sana, yangeipita Hola na kutua kwa watu wasiotuhusu.

Saa mbili ilikuja taarifa ya mabwawa. Bwawa la Masinga hujaa likifika mita 1,056.5 juu ya usawa wa bahari, na likishajaa maji humwagika yenyewe, yakashuka Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, kisha yakaja kwetu. Kwa sababu hiyo jua linaweza kuwaka Garissa bila wingu hata moja huku mto ukizidi kupanda, na ni kazi ngumu sana kumshawishi mkulima wa ndizi aliye ukingoni ahame siku ambayo mvua haikunyesha.

Saa nne wakatua wageni kwa helikopta kutoka ofisi moja ya Nairobi, maana barabara ilikuwa imekatwa na maji upande wa Mororo. Sina ugomvi na wageni. Mtu anayeidhinisha fedha za mafuta ya mashua ana haki ya kuona mafuta yanakokwenda. Lakini chumba chetu kinatosha watu wanne, na wao waliingia wote, pamoja na mpiga picha, mlango ukabaki wazi na joto la nje likaingia juu ya joto la mitambo. Kiongozi wao alitaka kuona picha za droni kwenye skrini kubwa. Skrini hiyo ilikuwa na ramani tunayoifanyia kazi.

"Mheshimiwa," nilimwambia, "tukiiondoa ramani, wenzangu hawataona mashua ziko wapi."

"Dakika mbili tu, kijana. Na wenzangu kule Nairobi nao waione moja kwa moja."

Hapo ndipo ugumu wenyewe ulipokuwa. Setilaiti yetu iko umbali wa karibu kilomita 36,000 juu ya Ikweta, na swali na jibu lake, hata yakisafiri kwa kasi ya mwanga, huchukua karibu nusu sekunde. Hilo tumelizoea. Tusilolizoea ni mtu kuijaza njia hiyo nyembamba kwa picha za video wakati maombi ya dawa na mahema yamepanga foleni nyuma yake. Nilieleza, nikaeleza tena kwa maneno mengine, kisha mkuu wa zamu akanifanyia ishara ya mkono kwamba niache. Ramani ikaondolewa.

Dakika zile mbili zilikuwa zimeshafika ishirini wakati mfanyakazi wa kujitolea alipoita kwenye redio. Familia ilikuwa juu ya paa, watoto wawili na mzee asiyeweza kutembea, maji yakipanda. Akasoma mahali alipo: sifuri, ishirini na saba, kusini; thelathini na tisa, thelathini na nane, mashariki.

Msomaji asiye wa kazi hii ataona hizo ni namba tu. Mimi nilisimama. Zikisomwa kwa digrii na dakika (dakika hapa ni sehemu moja ya sitini ya digrii), ni kandokando ya mji wa Garissa kabisa. Zikisomwa kwa digrii na desimali, ni kilomita 34 hivi kaskazini-magharibi, na kwa bahati mbaya mto unatoka upande huo huo, kwa hiyo hata mahali pa makosa pangeonekana pa kweli. Mashua ikielekezwa huko ingepambana na mkondo kwa saa kadhaa na kumaliza mafuta yake kabla ya kugundua kwamba hapana paa wala mtu. Mwenzangu aligeukia skrini kwa mazoea, akakuta picha ya maji ya kahawia kutoka angani. Tukaivuta ramani ya karatasi, ambayo mmoja wa wageni alikuwa ameiwekea chupa za maji.

"Ndugu, ukiwa hapo ulipo, unaliona daraja?"

"Naliona, afande. Na malori yaliyosimama juu yake."

Mimi si afande, ila kwenye redio kila anayejibu ni afande. Nilimrudishia namba zote pamoja na neno "dakika", naye akazirudia, na mashua iliyokuwa karibu ikapewa agizo. Kazi yenyewe ni hiyo: kuhakikisha anayeomba, anayetuma na anayekwenda wanazungumzia paa moja. Haipigiki picha.

Mgeni wetu, ambaye hayo yote yalipita mbele yake, aliuliza kama video imefika Nairobi. Ilikuwa imefika, ikaganda. Kisha akaomba vifaa vyangu vya masikioni avivae apigwe picha. Nikampa vile vya akiba, visivyounganishwa popote, naye akatabasamu akisikiliza kwa makini. Walipoondoka iliingia taarifa kwamba familia imeshuka salama. Nikaiandika, nikairudisha ramani, nikanywa chai iliyokwisha kupoa.

Mchana wote ulikuwa wa hesabu za mafuta ya mashua, mahema yaliyoandikwa mara mbili, na simu za watu wakitaka kuchaji simu zao kwenye jenereta yetu.

Sijui ilikuwa saa ngapi radi ilipoanza. Daftari lina muda, kichwa changu hakina. Radi ikikaribia, mlingoti lazima ushuke, na mota yake siku hiyo ilikataa, kwa hiyo tuliushusha kwa kuzungusha mkono wa chuma, watu wawili kwa zamu, mvua ikitupiga mgongoni, huku ndani mtu mmoja akiziambia mashua zirudi ukingoni kabla hatujazipoteza. Viganja vyangu viliwaka moto. Tulipomaliza, giza lilikuwa limeingia na Hola haisikiki tena, kwa kuwa masafa ya mchana, kati ya megahezi 5 na 7, hayarudi chini vizuri usiku. Tukashuka hadi 3 na kitu, tukarefusha waya kwenye matope, tukaita, tukaita tena, mpaka sauti ya Hola ikatoka katikati ya mkwaruzo ikiuliza tulikuwa wapi.

Mwenzangu wa usiku alinikuta nikiandika makabidhiano: mota ya mlingoti, masafa mapya, mashua tatu zinazohitaji mafuta kabla ya alfajiri. Chini yake kulikuwa na ujumbe ulioingia jioni kutoka ile ofisi, ukitaka picha za ziara zitumwe kwa setilaiti haraka iwezekanavyo. Niliupa nambari nne, nyuma ya mafuta.